JE, TANURI LAKO LA MOSHI LINASEMA KWELI?

Leo tunazungumza nawe unayekausha kuku au samaki kwa tanuri la moshi linalotumia umeme, iwe ni kwa mlo wa nyumbani au kwa biashara.

Ndani ya tanuri hilo mna kijiti cha chuma kinachopima joto. Kijiti hicho ndicho huliongoza tanuri kuwaka na kuzimika. Kikiharibika na kusoma joto kubwa kuliko lililopo, tanuri huzimika mapema. Kuku hupata rangi nzuri nje lakini hubaki mbichi karibu na mfupa, na viini kama salmonela hubaki hai. Anayemla huenda akahara, akatapika na kushikwa na homa. Watoto wadogo, wazee na kina mama wajawazito ndio huumia zaidi.

Utajuaje kuna kasoro? Nambari hurukaruka au hukwama mahali pamoja, au nyama huchelewa kuiva kuliko kawaida. Ukiona hivyo, fanya haya:

Kwanza, chomoa plagi na uache tanuri lipoe. Panguza kijiti kwa kitambaa chenye maji moto na sabuni, kwani masizi na mafuta hukifanya kisome polepole. Hakikisha hakigusi ukuta wala nyama. Waya ukiwa umechubuka au kuungua, mwite fundi wa umeme.

Pili, tafuta kipimajoto cha chakula kinachoweza kukaa ndani ya tanuri. Usitumie kile cha kupimia homa, kwani hakikutengenezewa joto kali. Kijaribu kwanza katika gilasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo; kinapaswa kusoma nyuzi 0. Halafu kitie katika maji yanayotokota. Mombasa kitasoma karibu nyuzi 100, Kisumu 96, Nairobi 94 na Eldoret 93, kwa sababu kadiri unavyopanda nyanda za juu ndivyo maji yanavyotokota kwa joto dogo.

Tatu, kiweke ndani ya tanuri tupu, karibu na kile kijiti, uwashe na kulinganisha kwa nusu saa. Joto kupanda na kushuka kidogo si kasoro. Lakini tofauti kubwa ikidumu, kijiti kibadilishwe.

Hata tanuri likiwa zima, pima nyama yenyewe. Ingiza kipimajoto katikati ya sehemu nene bila kugusa mfupa. Kuku afike nyuzi 74, samaki 63.

Na ukigundua kwamba nyama ilikaa vuguvugu kwa saa nyingi, itupe. Viini huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60, na sumu ya baadhi yao haiishi hata ukipika upya. Afadhali hasara ya kuku mmoja kuliko kulaza jamaa nzima hospitalini.

Hadi wakati mwingine, msikilizaji, kumbuka: rangi ya nyama hudanganya, pima joto lake.