Chumvi jikoni, taa ziwani: rangi ya mwanga hutoka wapi?

Sufuria ya maharagi ikifurika juu ya mbabula na maji yenye chumvi yakagusa makaa, utazame ule moto: kwa sekunde chache ndimi zake hugeuka manjano makali. Akina mama wa Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika, wamekwisha kuliona hilo, wala hawashangai. Lakini fizikia iliyomo humo inahusu pia taa zinazowavutia ndagala, samaki wadogo wa ziwa hilo, usiku.

Chumvi ina sodiamu. Elektroni za atomu ya sodiamu haziwezi kuwa na nishati yoyote tu. Zina viwango vyake maalumu, na kati ya kiwango kimoja na kingine hakuna pa kukaa. Joto la moto huipandisha elektroni ya nje hadi kiwango cha juu. Haidumu huko. Hushuka mara moja, na nishati iliyoachwa hutoka kama chembe ya mwanga iitwayo fotoni. Mwanga huo una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589, chumvi iwe ya Uvinza ng'ambo ya ziwa au ya baharini. Mdenmaki Niels Bohr alieleza mishuko ya namna hii mwaka 1913 akitumia haidrojeni: kutoka kiwango cha tatu hadi cha pili hutoka mwanga mwekundu wa nanomita 656, na kutoka cha nne hadi cha pili, buluu-kijani wa nanomita 486. Mshuko ukiwa mkubwa, wimbi huwa fupi.

Sasa twende ziwani. Zamani mvuvi aliwasha kuni kwenye mtumbwi, akachota samaki kwa wavu uitwao lusenga. Manjano ya moto wa kuni si ya sodiamu pekee. Sehemu kubwa ni chembe za masizi zinazong'aa kwa sababu ya joto, na nishati nyingi hupotea bila kumulika kitu. Karabai ilikuwa na nafuu, kwani kimfuko chake cha kitambaa hung'aa vizuri kikipashwa moto.

Taa za LED hazingoji joto. Ndani ya kipande kidogo cha fuwele, umeme huzifanya elektroni zivuke pengo la nishati na kushuka, na ukubwa wa pengo hilo, ambao ndio unaoamua rangi, hupangwa kiwandani. Buluu ndiyo iliyowasumbua wataalamu miaka mingi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2014 kwa kuipata. Taa nyeupe ya kawaida ni buluu hiyo iliyopakwa dawa inayogeuza sehemu yake kuwa manjano. Ni bahati kwa mvuvi: katika maji maangavu buluu hupenya mbali kuliko nyekundu, na betri haiishi upesi.

Kwa afya, kuna mawili. Vimfuko vya karabai vya zamani vilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi. Kikiwa kizima hakina hatari kubwa. Balaa ni vumbi lake kikivunjika, kwa hiyo usilipulize, watoto wasilichezee, nawa mikono kabla ya kula. Pili, buluu nyingi usiku huchelewesha usingizi, na LED kali huumiza macho ukiikodolea kwa karibu. Taa ielekezwe majini, si usoni mwa mvuta wavu.