Kutoka Makebuko hadi Mutanga: Kijana Anavyojijua Upya

Mwanafunzi anayetoka kwenye vilima vya Makebuko, Gitega, mara nyingi huingia chuo kikuu akiwa na sifa moja anayoijua vizuri: yeye ndiye mwenye akili wa kijijini kwao. Amekuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi, baba ameuza kahawa ili asikose daftari, na majirani humtolea mfano kwa watoto wao. Kisha anafika kampasi ya Mutanga, Bujumbura, na kukaa kwenye ukumbi uliojaa vijana ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Mhadhara ni wa Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Swali analo, ila mkono haunyanyuki. Anaipanga sentensi kichwani, anaikagua sarufi yake, na anapokuwa tayari mhadhiri ameshahamia mada nyingine.

Baada ya mitihani ya kwanza anaanza kujiona mjinga. Akili yake haijapungua hata kidogo. Waliobadilika ni watu anaojilinganisha nao. Mwanasaikolojia Herbert Marsh wa Australia alilionyesha jambo hili tangu miaka ya 1980: wanafunzi wawili wenye uwezo sawa hujithamini tofauti, na aliyezungukwa na wenzake hodari ndiye anayejishusha zaidi.

Umri nao una mchango wake. Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu ujana, alieleza kwamba kazi kubwa ya kijana anayeuaga utoto ni kujibu swali la yeye ni nani. James Marcia, mwaka 1966, alikuwa ameshawagawa vijana katika hali nne. Wapo ambao hawajajaribu wala kuamua lolote. Wapo walioamua bila kujaribu, wakachukua njia waliyopewa na wakubwa. Wapo ambao bado wanajaribu. Na wapo waliojaribu, wakapima, kisha wakaamua wenyewe.

Nchini Burundi ni rahisi sana kuangukia hali ya pili. Alama za mtihani wa taifa zina uzito mkubwa katika kuamua kijana atapelekwa kitivo gani, na nyumbani tayari wanamwita daktari au mhandisi. Mwaka 2017, msaada wa masomo aliokuwa akipewa mwanafunzi uligeuzwa mkopo wa kulipwa baadaye. Kwa mtoto wa mkulima, kukiri kwamba kitivo alichopangiwa hakimfai kunaweza kuonekana kama kuwasaliti waliomtuma.

Hata hivyo mtu ana pande nyingi. Mwaka 1986 Jennifer Neemann na Susan Harter walitengeneza dodoso la kupima jinsi wanafunzi wa chuo wanavyojiona, wakatenganisha maeneo 12, yakiwemo masomo, urafiki, uhusiano na wazazi, ubunifu, maadili na hata ucheshi. Kijana anaweza kujiona dhaifu katika eneo moja na imara katika lingine. Mfikirie mwanafunzi wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, ambaye familia yake ilirudi kutoka kambi za wakimbizi za nchi hiyo. Kifaransa kinamtoa jasho, lakini Kiswahili anakimudu kuliko darasa zima. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwa kuwa Kiswahili kinawaunganisha watu wengi wa jumuiya hiyo, lugha aliyotoka nayo kambini ni mtaji. Siku wenzake wanapomwomba awafundishe, anaanza kujiona kwa jicho jingine.

Katika nchi hii swali la "mimi ni nani" limewahi kuulizwa kwa mtutu wa bunduki. Juni 1995, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kampasini Mutanga, wanafunzi wa Kihutu waliuawa usiku, na baadhi ya wanafunzi wenzao walikuwa miongoni mwa wauaji. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, wavamizi waliingia Seminari Ndogo ya Buta, Bururi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Waliuawa 40. Walezi wao, wakiongozwa na Padri Zacharie Bukuru, walikuwa wamewazoesha kuishi pamoja na kuzungumza waziwazi juu ya vita na ukabila. Jibu lao la asubuhi ile lilikuwa limeandaliwa muda mrefu, mezani, bwenini na uwanjani.

Hapo, kwenye malezi ya kila siku, ndipo wazazi na vyuo wanapopaswa kutazama. Haiba haigandi mtu afikishapo miaka 18. Tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba uwajibikaji na utulivu wa hisia huendelea kukua, hasa kati ya miaka 20 na 40. Kinachoweza kuvikuza ni majukumu halisi: kuongoza kikundi cha kujisomea, kutunza fedha za chama, kufundisha wadogo, kucheza ngoma au mpira na watu wa asili tofauti.

Basi mhadhiri na ampe nafasi anayejieleza polepole. Chuo kiweke mtu wa kumsikiliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla hajafeli. Mzazi wa Makebuko, kijana akirudi likizo, asianze na alama; amuulize amefanya nini, na nani, na kipi kimempa furaha. Naye mwanafunzi ajaribu walau kazi moja nje ya darasa muhula huu, kabla hajajihukumu kwa mtihani mmoja.