Fahamu: Bunduki ya mitutu miwili iliyojaribiwa Ukambani

Kila inapotoka bunduki mpya ya kuwindia wanyama wakubwa, swali la kwanza ni lile lile: itamzuia mnyama anayekuja mbio? Mwaka 1909 swali hilo lilijibiwa Kilimakiu, upande wa Machakos.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa na bunduki ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Mkamba mmoja akaleta habari kwamba kuna kifaru mlimani. Roosevelt akanyata, akaondoa komeo la usalama la silaha ambayo hakuwa ameijaribu kwa mnyama mkubwa, akafyatua. Kifaru akageuka na kumjia. Mtutu wa pili ukalia, mnyama akaanguka hatua 13 tu mbele yake.

Siri ni risasi. Ile ya bunduki hii, ya kipimo cha .500/450, ina uzito wa gramu 31 hivi na hutoka kwa takriban mita 660 kwa sekunde. Kasi hiyo si ya ajabu. Uzito ndio unaoipenyeza kwenye ngozi nene na mfupa. Mitutu miwili nayo huokoa muda, maana hakuna kukoki katikati ya hatari. Anayeumia ni mpigaji, begani.

Leo uwindaji kama huo hauruhusiwi tena: Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na ilifanya vyema. Kumbuka tu kwamba katika miaka ya 1940, mwindaji J. A. Hunter aliua karibu vifaru 1,000 Makueni, wakati huo sehemu ya Machakos, ili ardhi ipatikane kwa makazi.