Beberu Asipande Binti Zake

Kwetu Nyakach kijana haoi msichana wa ukoo wake. Lakini zizini tunasahau. Kikundi kinapata beberu mmoja mzuri, anakaa miaka minne, anapanda binti zake na hata wajukuu. Watoto wakizaliwa wadogo na kufa ovyo, tunasema ni ugonjwa tu. Pengine ni undugu wa damu.

Undugu huo hupimwa. Kila mbuzi ana urithi wa baba na wa mama. Kasoro ya upande mmoja mara nyingi hufunikwa na uzima wa upande wa pili. Wazazi wakiwa ndugu, kasoro ile ile yaweza kutoka pande zote mbili, ikajitokeza. Baba akipanda binti yake, kipimo cha mtoto ni asilimia 25. Ndugu wa baba na mama mmoja, 25 vilevile. Wa baba mmoja tu, 12.5.

Miaka ya 2010 shirika la utafiti wa mifugo, ILRI, na wenzake walileta mabeberu aina ya Galla kwa vikundi vya hapa Nyando. Damu mpya hiyo itasaidia tukiizungusha. Basi tufanye hivi:

1. Tuandike daftarini baba, mama na tarehe ya kuzaliwa.

2. Mimba ni miezi mitano, na binti aweza kupandwa akiwa na miezi sita hivi. Kwa hiyo beberu akimaliza mwaka, tubadilishane na kikundi cha mbali.

3. Madume wadogo watengwe au wahasiwe kabla ya miezi minne.

Tusikate tamaa. Jike akipandwa na beberu asiye ndugu yake, kipimo cha mtoto hurudi sufuri mara moja.