Mdharau mwiba: Jinsi timu ya 'makapi' ya Las Vegas ilivyowaumbua watabiri

KILA mwaka, kambi za mazoezi zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Septemba, mashabiki wa magongo ya barafuni nchini Marekani na Kanada huwa na shughuli moja kuu: kubashiri. Hakuna mechi iliyochezwa wala bao lililofungwa, lakini ndimi hazitulii. Huyu huwahesabu washambulizi akaona wanatosha, yule humwangalia kipa akatikisa kichwa. Timu zenye nyota hutawazwa mabingwa kabla ya kipenga kulia, nazo zisizo na majina makubwa hupangwa mkiani.

Je, maneno hayo yana uzito gani? Kisa kinacholijibu swali hilo vyema ni cha Vegas Golden Knights, timu iliyoingia kambini mnamo Septemba 2017 bila historia, bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi, na huku wachambuzi wengi wakiiona kuwa dhaifu kuliko zote. Mapema mwezi wa Juni 2018, timu hiyo hiyo ilikuwa ikicheza fainali ya Kombe la Stanley, taji kubwa zaidi katika mchezo huo.

Waliouzoea mpira wa magongo wa pale City Park, Nairobi, wataona kuwa huu wa barafuni una taratibu zake. Kila upande huwa na wachezaji sita, kipa akiwemo, wanaoteleza kwa viatu vyenye visu chini ya nyayo huku wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mechi huwa na vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi yake ni kali mno hivi kwamba mchezaji hukaa barafuni kwa muda usiofika dakika moja, kisha hutoka kupumzika na mwenzake akachukua nafasi yake.

Kenya nayo si ngeni kabisa katika mchezo huu. Uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa mwaka wa 2005 katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka wa 2024 taifa hili lilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Sawa na Nairobi, Las Vegas si mji wa barafu. Umo katikati ya jangwa la Nevada, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Hiyo ilikuwa sababu moja ya watu kuguna mnamo Juni 2016, ligi ya NHL ilipompa bwanyenye Bill Foley na wenzake idhini ya kuunda timu ya 31 kwa ada ya dola milioni 500. Sababu ya pili ni kwamba mji huo ulijulikana kwa kamari na watalii, na haukuwa umewahi kuwa na timu katika yoyote kati ya ligi nne kuu za Marekani. Nani angenunua tiketi?

Wenyeji walikuwa wameshalijibu swali hilo. Kuanzia Februari 2015, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya idhini kutolewa, walikuwa wameombwa kulipa malipo ya awali ya tiketi za msimu mzima. Zaidi ya 10,000 waliitikia. Walitoa fedha zao kwa ajili ya timu isiyokuwa na jina, kocha wala mchezaji, na ambayo huenda isingeundwa kamwe.

Wengine walikuwa na sababu nzuri za kutotarajia makubwa. Timu mpya katika ligi hiyo aghalabu huanza kwa aibu. Washington Capitals, katika msimu wao wa kwanza wa 1974-75, walishinda mechi 8 pekee kati ya 80. Ottawa Senators walipoanza msimu wa 1992-93, walishinda 10 kati ya 84.

Jinsi Vegas ilivyopata wachezaji wake haikuwapa watabiri hofu yoyote. Kila moja ya timu 30 zilizokuwapo iliruhusiwa kuwakinga washambulizi saba, mabeki watatu na kipa mmoja, ama wachezaji wanane wa mbele na nyuma pamoja na kipa mmoja. Vegas ilitakiwa kuchagua mmoja kutoka kila timu miongoni mwa wale waliobaki. Kwa maneno mengine, wenye chakula walikula wakashiba, kisha mgeni akakaribishwa makombo.

Ndivyo Pittsburgh Penguins, waliokuwa wametwaa Kombe mwaka wa 2016 na 2017, walivyomwachilia kipa mkongwe Marc-Andre Fleury ili wabaki na kijana Matt Murray. Ndivyo pia kocha Gerard Gallant, aliyefutwa kazi na Florida Panthers mnamo Novemba 2016, alivyojikuta akipewa kikosi cha watu waliokataliwa kama yeye. Katika baadhi ya maduka ya kamari ya mji huo huo, aliyeweka dola moja angelipwa dola 500 iwapo timu hiyo ingeshinda Kombe. Foley mwenyewe alikuwa ametangaza lengo lake: kufuzu kwa awamu ya mchujo katika muda wa miaka mitatu, na kutwaa Kombe katika muda wa miaka sita. Wengi walilichukulia kuwa domo la tajiri.

KAZI YA KAMBI

Ili kuelewa watabiri walikosea wapi, sharti kwanza ieleweke kambi ya mazoezi ni kitu gani. Timu huwaita wachezaji wengi, mara nyingi zaidi ya 50, wakiwemo chipukizi ambao hawajawahi kucheza ligini. Katika muda wa wiki tatu hivi, wakifanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki, idadi hiyo hupunguzwa hadi wachezaji 23. Hao ndio huanza msimu ambao, wakati huo, ulikuwa na mechi 82.

Hata hivyo, kuwachuja wachezaji ni nusu tu ya kazi ya kambi. Nusu ya pili ni kuwapanga. Washambulizi hugawanywa katika safu nne za watu watatu watatu. Safu ya kwanza hupata muda mwingi barafuni na hutumwa mbele bao linapotafutwa. Safu ya nne huingia kwa dakika chache, na kazi yake kubwa ni kuwazuia wapinzani wasifunge.

Takwimu za mwaka uliotangulia, ambazo shabiki huzitegemea anapobashiri, huonyesha kile mchezaji alichofanya katika nafasi aliyopewa. Hazionyeshi angefanya nini akipewa nyingine.

Mfano bora ni William Karlsson kutoka Uswidi. Katika msimu wa 2016-17 akiichezea Columbus Blue Jackets, alipewa takriban dakika 13 kwa kila mechi na akafunga mabao sita. Columbus hawakuona hasara kumpoteza. Waliiongezea Vegas nafasi yao ya raundi ya kwanza ya kuwasajili chipukizi ili mradi wachezaji wao wengine wasiguswe. Vegas ilimweka Karlsson katika safu ya kwanza, ikampa karibu dakika 19 kwa mechi, naye akafunga mabao 43.

Waliocheza naye katika safu hiyo, Jonathan Marchessault na Reilly Smith, walitoka Florida Panthers. Marchessault alikuwa amefunga mabao 30 katika msimu uliotangulia, lakini Florida hawakumkinga. Smith naye walimtoa kwa malipo madogo, hasa kwa kuwa walitaka kuutua mzigo wa mshahara wake. Wawili hao waliifungia Vegas jumla ya mabao 49. Florida walikosa kufuzu kwa mchujo mwaka huo kwa upungufu wa alama moja.

MJI KATIKA MSIBA

Kabla ya hayo yote kujulikana, Las Vegas ilifikwa na janga ambalo hakuna mtabiri angeliwazia. Usiku wa Oktoba 1, 2017, mtu mwenye silaha aliumiminia risasi umati uliohudhuria tamasha la muziki. Watu 58 waliuawa, na wawili zaidi wakafariki katika miaka iliyofuata kutokana na majeraha yao. Mamia wengine walijeruhiwa. Mechi ya kwanza ya Golden Knights nyumbani ilikuwa imebakisha siku tisa.

Wachezaji, wengi wao wakiwa wameishi mjini humo kwa wiki chache tu, walikwenda kuwatembelea majeruhi, polisi na wahudumu wa dharura. Mnamo Oktoba 10, walipoikaribisha Arizona Coyotes, matangazo ya biashara yaliondolewa ukutani kandokando ya uwanja. Watu walisimama kimya kwa sekunde 58. Beki Deryk Engelland, aliyekuwa mkazi wa Las Vegas kwa miaka mingi, aliuhutubia umati, kisha akafunga mojawapo ya mabao manne ambayo timu yake ilipata katika dakika 11 za mwanzo. Vegas ilishinda 5-2.

Kutoka usiku huo, swali la iwapo mji wa kamari ungeipenda timu ya barafuni halikuulizwa tena. Mnamo Machi 2018, klabu ilistaafisha jezi nambari 58 kwa heshima ya marehemu.

Uwanjani nako ushindi ulizidi kuja. Wengi walishikilia kuwa ngoma ya watoto haikeshi. Hata Fleury alipojeruhiwa mnamo Oktoba, na majeraha kuwaandama makipa waliofuata hadi ikabidi makipa watano tofauti watumiwe, timu haikuyumba. Ilimaliza msimu ikiwa na ushindi wa mechi 51 na alama 109, kileleni mwa Kitengo cha Pasifiki. Katika mchujo iliwabandua Los Angeles Kings 4-0, San Jose Sharks 4-2 na Winnipeg Jets 4-1. Iliangushwa katika fainali kwa mechi 4-1 na Washington Capitals, wale wale walioanza kwa ushindi wa mechi nane mnamo 1974-75, na ambao hilo lilikuwa Kombe lao la kwanza.

KOSA LA PILI

Baada ya kuidharau timu hiyo, watabiri wengi walikimbilia upande wa pili. Walidhani kuwa kila timu mpya sasa ingeng'ara, na kwamba Karlsson angefunga mabao 40 kila mwaka. Hapo napo palikuwa na mtego.

Katika msimu wake wa mabao 43, Karlsson alifunga takriban mara 23 kwa kila mapigo 100 aliyoyaelekeza langoni. Mshambulizi wa kawaida hufunga mara 10 hadi 12. Ustadi wake ulikuwa wa kweli, lakini bahati nayo ilikuwa imemkumbatia. Msimu uliofuata alifunga mabao 24. Hakuwa amesahau kucheza. Kisahani kilikuwa kimerudia kuingia kwa kiwango cha kawaida.

Seattle Kraken walionja upande huo wa mambo mwaka wa 2021. Waliingia ligini kwa kanuni zile zile, na mashabiki wao, waliokuwa wameiona Vegas, walikwenda kwenye msimu wakiwa na matumaini makubwa. Hata hivyo, klabu nyingine zilikuwa zimejifunza. Hazikuwa tayari tena kutoa wachezaji wazuri au nafasi za chipukizi ili kuficha wengine. Seattle walishinda mechi 27 kati ya 82 na kushika mkia katika Kitengo cha Pasifiki. Wakati ule ule wengi walipoanza kuwakatia tamaa, katika msimu wa 2022-23 walipata alama 100 na kuwang'oa mabingwa watetezi, Colorado Avalanche, katika raundi ya kwanza ya mchujo.

Si kwamba gumzo la kabla ya kambi ni upuuzi mtupu. Timu yenye kipa hodari na mabeki waliokomaa kwa kawaida humaliza juu ya timu isiyo nao, na shabiki anayelitambua hilo hubashiri vyema mara nyingi. Lakini anayetaka kubashiri vyema zaidi hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kuhesabu majina. Kwanza, ni nani aliyepewa nafasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo mwaka jana? Pili, ni nani ambaye takwimu zake za mwaka jana zilibebwa na bahati? La kwanza lingewafichulia watu Vegas ya 2017, la pili lingewapunguzia mashabiki matarajio ya mwaka uliofuata.

Mnamo Juni 13, 2023, Golden Knights walitwaa Kombe la Stanley mbele ya mashabiki wao kwa kuwacharaza Florida Panthers 9-3 katika mechi ya tano ya fainali. Ulikuwa msimu wao wa sita, kama Foley alivyokuwa ameahidi. Wachezaji sita wa kile kikosi cha kwanza walikuwa bado wamo timuni, miongoni mwao Karlsson, Smith na Marchessault. Tuzo ya mchezaji bora wa mchujo mzima ilimwendea Marchessault, ambaye Florida walikuwa wamemwacha bila kinga miaka sita awali.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Watu 10,000 waliolipia tiketi mwaka wa 2015 hawakuwa na takwimu hata moja ya kuwaongoza, kwa kuwa timu yenyewe haikuwapo. Walichokitaka ni mji wao kuwa na timu ya kuiita yao, na miaka miwili baadaye, katika wiki ngumu kuliko zote, walikuwa nayo.