Cheti Sanjari: Istilahi za Taaluma za Maeneo

Miongoni mwa hati za elimu zinazowatatiza wafasiri ni cheti ambacho mwanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Marekani hutunukiwa kwa kusoma habari za eneo moja la dunia, kama vile Afrika. Aghalabu cheti hicho huitwa "astashahada". Twaona kwamba tafsiri hiyo haifai.

Yafaa kwanza kuijua asili ya masomo yenyewe. Mwaka 1948 Melville Herskovits alianzisha mpango wa taaluma za Afrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Mwaka 1958, baada ya Muungano wa Kisovieti kurusha setilaiti ya kwanza mwaka uliotangulia, Marekani ilipitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Fedha za sheria hiyo zilivisaidia vituo vya kufundishia lugha na habari za nchi za nje, na Kiswahili kilipata fungu lake.

Cheti chenyewe hupatikana hivi. Mwanafunzi hubaki katika idara yake, iwe ya uchumi au ya biolojia. Pamoja na masomo ya idara hiyo, hukusanya kozi zihusuzo Afrika kutoka idara kadhaa: historia, siasa, fasihi, lugha. Akihitimu, hupewa cheti hicho pamoja na shahada yake.

Kwetu Tanzania, astashahada ni ngazi inayojitegemea. Juu yake ipo stashahada, kisha shahada. Basi mhitimu akiandikiwa kwamba ana "astashahada ya taaluma za Afrika", mwajiri atadhani kwamba aliishia ngazi ya chini, ilhali anayo shahada kamili. Kadhalika, kijana aliyemaliza kidato cha nne akilisoma tangazo lililofasiriwa hivyo, ataweza kutuma maombi na ada kwa ajili ya kozi asiyoweza kupokewa. Kosa la neno moja humgharimu mtu kazi au fedha.

Kwa hiyo twapendekeza "cheti sanjari", maadamu hupatikana sanjari na shahada wala hakishindani nayo kwa ngazi.

Jina la masomo nalo lataka uangalifu. "Taaluma za Kiafrika" yaweza kueleweka kuwa ni elimu iliyo ya jadi ya Waafrika wenyewe. "Taaluma za Afrika" ni elimu ihusuyo Afrika, hata ikifundishwa ng'ambo. Kwa jumla, masomo ya namna hii na yaitwe "taaluma za maeneo".

Limebaki neno la kuonyesha kwamba taaluma hizo huunganishwa. Wengine husema "taaluma mbalimbali", lakini vitu mbalimbali vyaweza kukaa pamoja bila kuchanganyika, kama mchele na choroko katika magunia mawili. Vikipikwa chungu kimoja ndipo tupatapo mseto. Mwanafunzi anayechunguza ukame kwa kutumia historia, jiografia na lugha ya wafugaji kwa pamoja anasoma "taaluma mseto".

Basi jina kamili litakuwa "cheti sanjari cha taaluma mseto za maeneo", na pale eneo linapojulikana, "cheti sanjari cha taaluma za Afrika" chatosha. Wafasiri na wakuza mitaala wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni.