Tangazo la Kazi Limfikie na Asiyeona

Juma hili tuongee juu ya kazi. Wengi wetu tunajua mtoto wa kartie aliyemaliza masomo akiwa haoni. Wazazi walilipa minervali miaka yote, leo Diploma ya Serikali inalala ndani ya sanduku. Watu wanauliza: «Atafanya kazi gani?» Lakini mara nyingi mlango unafungwa mapema zaidi, kwenye tangazo lenyewe.

Tangazo linabandikwa ukutani kwa biro. Asiyeona anapita karibu nalo bila kujua. Ao mtu anapiga picha ya ile karatasi na kuituma kwa WhatsApp. Tujue hili: simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack, inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo. Kidole kinagusa, sauti inasema. Kwa kompyuta kuna NVDA, inayopatikana bure, na inasoma Kifaransa pia. Lakini programu hizo zinasoma maneno yaliyoandikwa kwa herufi. Picha ya karatasi mara nyingi inazishinda.

Kisha unakuja mtihani. Binti mmoja tuliyemfundisha aliitwa, akapewa karatasi na kalamu kama wengine. Hakuna aliyemsomea maswali. Akapata sifuri. Karatasi ile ilipima macho yake tu.

Sheria ya inchi yetu iko upande wake. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Kifungu chake cha 27 kinahusu kazi. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki hizo.

Vikundi vyetu pia vinatafuta wafanyakazi: mwandishi wa mikutano, mwalimu wa kisomo, mpokea wageni. Basi tufanye hivi:

– Tangazo liandikwe kama ujumbe wa simu, ao tulirekodi kwa sauti. Lisomwe pia kanisani, msikitini, redioni na kwenye likelemba.

– Tumuulize mapema anayeomba kazi: anataka maswali kwa mdomo, kwa Breli ao kwa kompyuta? Tumuongezee muda.

– Tuongee naye mwenyewe, si na ndugu aliyemsindikiza.

– Siku ya kwanza tumtembeze: mlango, meza yake, choo. Vitu visihamishwe bila kumwambia.

Mama mwenye mtoto asiyeona, umuzoeze TalkBack tangu sasa, asingojee diploma.

Na kwa mkutano ujao, kila kikundi kichukue tangazo lake la mwisho na kujiuliza: asiyeona angelipata kwa njia gani? Kama njia haipo, tuifungue kabla ya kutafuta mfanyakazi mwingine.